Skripti msaidizi isifichwe kwenye mifano

Niliwahi kukesha nikisasisha programu moja kwenye seva ya Linux. Toleo jipya lilikuwa limebadilisha mpangilio wa hifadhidata, na ujumbe uliotokea ulisema tu: endesha skripti (faili la amri) ya kuhamisha data. Ipi? Iko wapi? Ndani ya /usr/bin, saraka ya amri za watumiaji, haikuwemo. Nikaandika man, amri ya kufungua kurasa za mwongozo, nikatoka kapa. Baada ya saa nzima niliikuta kwenye kompyuta yangu, ndani ya /usr/share/doc, panapowekwa nyaraka, kwenye saraka ya examples (mifano), haina hata ruhusa ya kuendeshwa. Kwenye seva haikuwepo kabisa, kwa sababu programu ilikuwa ndani ya kontena, yaani kifungashio chenye programu na vyote inavyohitaji, na kontena lile lilikuwa limepunguzwa ukubwa, na wanaopunguza kontena huanza kwa kufuta nyaraka.

Nao hawana kosa. Sera ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inakataza kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kutegemea faili yoyote ya /usr/share/doc ili kifanye kazi. Aliyekosea ni aliyefungasha.

Mimi hujiuliza swali moja: nani ataiita hii skripti? Ikiwa ni mtu kwa mkono wake, iende /usr/bin, au /usr/sbin kama ni kazi ya msimamizi. Ikiwa ni programu yenyewe, iende /usr/libexec, saraka iliyoingizwa rasmi kwenye FHS 3.0, kiwango cha mpangilio wa saraka za Linux, mwaka 2015. Examples ibaki kwa vitu vya kunakili na kurekebisha.

Wapo wanaolalamika kwamba /usr/bin itajaa na majina yatagongana. Hofu hiyo naielewa, ila dawa yake ni kutanguliza jina la kifurushi mbele ya jina la skripti. Au fanya kama Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo: mtumiaji anaandika git submodule, na skripti yenyewe imetulia ndani ya saraka ya git-core, haimsumbui mtu. Tena jina lisibebe .sh wala .py. Siku ukiiandika upya kwa lugha nyingine, kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) ambazo watu walishazipanga zitaendelea kuiita kwa jina lilelile.

Kwenye maelezo ndiko wengi tunakolegea. Tunaandika mistari mitatu juu ya skripti tukadhani tumemaliza, kumbe mistari hiyo husomwa na aliyekwisha kuipata. Andika ukurasa wa man, hata ukiwa mfupi. Uniambie skripti inabadilisha nini, kama ni salama kuiendesha mara mbili, nakala ya data ya zamani inabaki wapi, na ikikatika katikati nifanye nini. Usiku ule hilo la mwisho ndilo nililolihitaji kuliko yote, maana data ya watu ilikuwa nusu huku, nusu kule. Kisha ukurasa wa programu kuu uitaje, na ule ujumbe wa skrini nao useme wazi: «Endesha jina-hamisha-data. Kabla ya hapo, soma man 8 jina-hamisha-data.»