Mwimbaji amerudi mbele: hesabu ya waya wa hedifoni

Rafiki yangu wa Sinza amenunua waya wa iyafoni kwa shilingi 220,000. Iyafoni zenyewe, za aina ambayo waya wake unachomoka, alizinunua kwa 160,000. Aliponitajia nikadhani amechanganya bei, nikamwomba arudie. Hakuwa amechanganya. Waya umesukwa kama ukili, nyuzi nne zenye rangi ya fedha, pini imepakwa dhahabu, na ulikuja ndani ya kiboksi ambacho mtu angeweza kukiwekea pete ya ndoa.

"Kaka, vaa usikilize," akaniambia. "Mwimbaji alikuwa amejificha huko nyuma. Sasa yuko hapa." Akajigusa katikati ya paji la uso. "Na besi imekaza."

Nikavaa. Mwimbaji alikuwa hapo kweli, na besi ilikuwa imekaza. Shida ni kwamba sikuwahi kusikia ilivyokuwa kabla.

Ubishi wa nyaya una kambi mbili. Moja inasema waya ni waya, umeme ukipita umepita, na anayedai kusikia tofauti amepigwa na anaona aibu kukiri. Ya pili inasema masikio hayadanganyi, na wanaopinga hawajawahi kuvaa kitu cha maana. Mimi nimekaa kambi ya kwanza kwa miaka, nikiwacheka wenzangu, na kwa sehemu kubwa bado nimo humo. Ila kambi yetu ina tabia ya kujibu swali ambalo halikuulizwa. Rafiki yangu hakusema fedha ni bora kuliko shaba. Alisema mwimbaji amesogea.

Habari ya metali haina urefu. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote, na inaizidi shaba kwa asilimia kama 6. Chukua waya wa shaba wa mita moja na kidogo ambao ukinzani wake, yaani unavyoubania umeme njia, kwenda na kurudi, ni omu 0.3 (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Utengeneze kwa fedha, unene uleule, utapata kama omu 0.28. Kwa iyafoni za omu 16, hiyo inabadilisha ukubwa wa sauti kwa desibeli 0.01 hivi. Sikio zuri, katika chumba kimya, likilinganishiwa sauti mbili papo kwa papo, huanza kuhangaika zinapotofautiana kwa desibeli 0.2 au 0.3. Na faida hiyohiyo ungeipata kwa shaba iliyonenepa kidogo tu. Lugha yetu ilishatuonya: "waya wa fedha" unaweza kuusoma utakavyo.

Dhahabu nayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Ipo kwenye pini kwa sababu haishiki kutu, basi. Ukisuka waya mzima kwa dhahabu ya Geita utapata waya mbaya kidogo na mkufu mzuri sana. Wauzaji wengine watakueleza kwamba sauti za juu hukimbilia kwenye ngozi ya waya, na ni kweli umeme una tabia hiyo, lakini kwa hezi 20,000, sauti ya juu kabisa ambayo sikio husikia, ngozi hiyo katika shaba ina kina cha karibu nusu milimita. Nyuzi zilizomo ndani ya waya wa hedifoni ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo zote ni ngozi tupu.

Hadi hapa kambi yangu inapiga makofi. Inapaswa kuacha kidogo.

Ukinzani wa waya haufanyi kazi peke yake, unagawana umeme na kilichopo sikioni. Hedifoni kama Sennheiser HD 650 ina omu 300. Itoe kwenye waya wa omu 0.9 uipe wa omu 0.3, na badiliko halifiki desibeli 0.02. Anayesema amesikia hilo, mwache apumzike. Lakini iyafoni za omu 16 kwa badiliko lilelile hupanda sauti kwa desibeli 0.3. Ni kidogo, ila sikio la binadamu lina udhaifu wake: kilichopanda kidogo halikiiti "kikubwa", linakiita "safi". Muuza redio anayetaka uondoke na spika ya bei kubwa anaujua udhaifu huo, ndiyo maana mkono wake hauko mbali na kitufe cha sauti.

Halafu zipo iyafoni zenye vispika vidogo kadhaa ndani ya kila sikio. Hizi ni ngeni kidogo kwa sababu ukinzani wake hautulii. Chukulia zina omu 40 kwenye besi na omu 6 kwenye sauti za juu. Kwa waya wa omu 0.9, sauti za juu zitashuka kwa karibu desibeli 1 ukilinganisha na besi. Kwa waya wa omu 0.3 zitashuka kwa theluthi hivi ya hapo. Hiyo ni tofauti ya kweli, inapimika, na mwenye masikio mazuri anaweza kuisikia. Anayecheka hapa anacheka bila kupiga hesabu. Lakini wanaoshangilia nao wasiende mbali, maana haijasemwa popote kwamba tofauti hiyo ni uzuri. Aliyetengeneza iyafoni huenda alizipanga akisikilizia waya uliokuja kwenye boksi. Unapoondoa waya ule unaondoa na mpango wake. Na kama ulichokuwa unataka ni mwangaza kidogo juu, kwenye simu kuna sehemu ya kurekebisha trebo, bure.

Rafiki yangu iyafoni zake ni za kispika kimoja, omu 16. Kwa hiyo hesabu hiyo haimhusu, na bado mwimbaji amesogea. Nikamuuliza waya wa zamani uko wapi. Ulikuwa kwenye droo, umezungushwa kama kamba ya kufungia kuku. Nikauomba.

Nikaupeleka Kariakoo kwa fundi mmoja ninayemfahamu, mzee ambaye alianza na redio za mkulima na sasa meza yake imejaa simu. Nikamwamkia, nikampa waya, nikamwomba apime ukinzani wa kila uzi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa apime uzito wa barua. Akagusanisha kwanza ncha za mita yake ya umeme zenyewe kwa zenyewe, ili ajue ukinzani wake wa kutoa kwenye hesabu, kisha akaanza. Uzi wa kushoto, omu 0.3. Wa kulia, vilevile. Akaja kwenye uzi wa kurudi, ule ambao masikio yote mawili yanauchangia na mafundi wanauita ethi. Omu 1.1. Akaukunja shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini, namba ikaruka hadi 6, ikarudi, ikaruka tena.

"Ethi imeoza hapa, mwanangu," akasema. "Jasho na chumvi. Angeniletea mimi, elfu tano."

Jibu lote lilikuwa kwenye namba ile, nami sikuliona mpaka nimekaa kwenye mwendokasi kurudi Ubungo. Katika nyimbo nyingi mwimbaji huwekwa katikati, pamoja na besi na ngoma kubwa. Katikati maana yake masikio yote mawili yanapelekewa kitu kilekile kwa wakati uleule. Vya pembeni, gitaa la kushoto, kinanda cha kulia, mwangwi wa chumba, ndivyo vinavyotofautiana. Sasa kwenye waya wenye ethi moja, kila kilichopo katikati hurudi kupitia humo kikiwa kimebanana, cha kushoto na cha kulia pamoja, kwa hiyo ubovu wa ethi unakipiga mara mbili. Kinachopingana kati ya masikio mawili hakihitaji ethi kabisa. Kinaingia kushoto na kutokea kulia.

Piga hesabu. Kwa iyafoni za omu 16, ethi ya omu 1.1 inamshusha mwimbaji kwa desibeli 1 na kidogo chini ya vile vya pembeni. Ikifika omu 6, anashuka kwa karibu desibeli 5. Ikikatika kabisa, mwimbaji anatoweka, besi inatoweka, na wimbo unabaki vyombo vinavyopigwa kwenye pipa. Kila aliyewahi kumiliki iyafoni za machinga anaijua siku hiyo: unasikiliza taarabu, mara muimbaji kaondoka, fidla zimebaki peke yake.

Mwimbaji alikuwa amejificha huko nyuma. Besi ilikuwa imelegea. Rafiki yangu alieleza ugonjwa wa ethi neno kwa neno, kwa masikio tu, bila mita. Na mimi nilikuwa tayari kumwambia amejidanganya.

Hapo ndipo ninapoona ubishi huu, tunavyouchukua mzimamzima kutoka nje, unatupotosha. Wanaolinganisha nyaya Ulaya au Marekani mara nyingi wanalinganisha waya mzima na waya mzima mwingine. Dar es Salaam inakula nyaya. Hewa ya pwani ina chumvi, jasho la saa nane mchana linashuka shingoni hadi kwenye waya, na wengi tunauzungusha kwenye simu tukishuka daladala. Shaba inageuka kijani ndani ya plastiki. Ongeza zile feki, ambazo nyingine ukizipitishia sumaku zinanasa, wakati shaba hainasi. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema waya mpya umebadilisha sauti, uwezekano kwamba anasema kweli ni mkubwa kuliko kambi yangu inavyokubali. Anachokosea ni kudhani kilichobadilisha ni fedha na msuko. Wakati mwingine hata waya mpya hauhitajiki: kuchomoa pini na kuichomeka tena kunakwangua uchafu, na kuifuta kwa spiriti kunamaliza kazi.

Nilirudi kwa mzee kesho yake. Akakata ile shingo, akachomelea pini mpya, ethi ikashuka hadi omu 0.2. Sasa nilikuwa na nyaya mbili nzima, nikamwita rafiki yangu tujaribu bila yeye kuona.

Njia hii ina historia. Mwaka 1982 David Clark alichapisha Marekani maelezo ya kifaa cha kulinganisha ambamo msikilizaji hajui anasikia kipi, na tangu hapo ndiyo mahakama ya ubishi kama huu. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia maisha yake kufichua waongo, alitoa changamoto ya dola milioni 1 kwa atakayetofautisha nyaya za spika za dola 7,250 na za kawaida bila kuona. Jaribio halikufanyika, kila upande ukabaki na maneno yake. Sisi hatukuwa na dola. Tulikuwa na khanga ya mke wake, tuliyomtandikia mabegani ili waya usimguse shingo akaujua kwa uzito. Raundi 16. Kila raundi nilichomoa, nikachomeka, ama uleule ama mwingine kwa kurusha shilingi. Anayekisia tu hufikisha 12 au zaidi mara 4 hivi katika 100, kwa hiyo tukakubaliana 12 ndiyo pa kuanzia kuzungumza.

Alipata 9.

Akapinga, na pingamizi lake lina uzito. Kubadilisha waya kunachukua nusu dakika, na kumbukumbu ya sauti ni fupi kuliko hapo. Tena iyafoni ikikaa vibaya kidogo sikioni besi inashuka kwa desibeli kadhaa, mara nyingi zaidi ya chochote ambacho waya unaweza kufanya, na kila nilipozichomoa alizivaa upya. Ni kweli yote. Lakini mizani hiyo haipimi upande mmoja. Siku anabadilisha waya wake wa laki mbili na ushee, naye alichukua muda, naye alizivaa upya, tena akijua ametoa kiasi gani.

Alijaribu pia hoja ya mwisho, kwamba vipimo haviwezi kuona kila kitu ambacho sikio linaona. Hii siikubali. Unaweza kurekodi wimbo uleule kupitia kila waya, ukageuza mawimbi ya rekodi moja juu chini, ukazijumlisha. Kinachofanana kinafutana. Kinachobaki ndiyo tofauti yote, hata ile isiyo na jina, na unaweza kuiongeza sauti uisikilize. Kama kuna uchawi kwenye waya, utabaki pale.

Hata hivyo sitamwambia auze. Waya mpya ni mlaini, hauleti ule mkwaruzo wa kola unaosikika hadi ndani ya sikio ukitembea, haujikunji, na yeye anaupenda kuutazama. Hayo ni mambo ya kulipia kama mtu ana nacho. Ningemlaumu kama angekuwa anasikiliza nyimbo zilizobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, zikapoteza ubora, jambo ambalo nililigundua baadaye kwamba analifanya, lakini tuliache.

Waya wa zamani nimeuchukua mimi. Umefupika kwa sentimita tano pale mzee alipokata, na nikisimama simu ikiwa mfukoni unanivuta sikio la kulia.