Daktari Robby hakuvunjwa na msiba peke yake

Wengi wanaoisifu The Pitt, tamthilia ya televisheni ya Marekani, husifu kilio cha Noah Wyle, anayemwigiza Daktari Robby. Na kweli kinachoma. Robby, kiongozi wa idara ya dharura katika hospitali moja ya Pittsburgh, ameketi sakafuni kwenye chumba cha watoto kilichogeuzwa cha kuwekea maiti baada ya watu kupigwa risasi kwenye tamasha. Ukutani wamechorwa wanyama wa kuwachangamsha wagonjwa wadogo. Hawezi kuinuka. Siku hiyohiyo ni kumbukumbu ya kifo cha mwalimu wake, Adamson, aliyefariki wakati wa Korona.

Hata hivyo, mimi naona Robby alianza kubomolewa tangu asubuhi.

Msimu wa kwanza, ulioanza Januari 2025, ni zamu moja ya vipindi 15, kila kipindi saa moja. Zamu inaanza saa moja asubuhi, na hata jua halijapanda vizuri, Gloria wa utawala ameshashuka kumbana kuhusu alama za kuridhika kwa wagonjwa. Robby anamweleza tatizo lilipo: idara imejaa watu ambao tayari wamelazwa ila hawana pa kupelekwa, maana huko wodini wauguzi hawatoshi. Waajiriwe, walipwe vizuri. Gloria anapanda zake juu, machela zinabaki koridoni.

Mtazameni na Dana, muuguzi anayeiendesha zamu ile. Katoka nje kuvuta sigara, anapigwa ngumi ya uso na mgonjwa aliyechoka kungoja. Yule bwana ana hatia, hilo halina mjadala. Lakini foleni ile hakuipanga Dana, na ngumi imemfikia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Anarudi kazini na uso umevimba. Zamu ikiisha, anabandua picha za familia yake kwenye kituo chake cha kazi. Katherine LaNasa alipata tuzo ya Emmy mwaka 2025 kwa kumwigiza, sawa na Wyle, na walistahili.

Si kila kosa ni la mfumo. Daktari mwenzake, Langdon, anaiba dawa za wagonjwa, na Robby anamtimua. Hapo niko na Robby.

Ila Gloria simwelewi bado. Huja, hulaumu, huondoka. Ningependa waandishi wapande naye lifti siku moja, tumwone naye anavyobanwa, na nani, na kwa bajeti ipi.