Waziri akiulizwa ni lini, ataje tarehe

Saa tatu na dakika chache asubuhi, mlinzi wa hospitali alichukua rimoti akahamisha runinga ya kwenye korido kutoka tamthilia ya Kituruki kwenda Bunge. Kina mama wakamzomea, maana walikuwa wanangoja kujua kama yule mume aliyezikwa juzi ni kweli amekufa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la dirisha la wazee na mama yangu mdogo, chini ya kile kibao cha kuwaomba watu wampishe mzee kwanza. Tulipishwa, tena kwa heshima zote. Shida ni kwamba benchi zima lilikuwa la wazee, na hapo hakuna wa kumpisha mwenzake.

Hospitali yenyewe ni ya umma, ipo hapa Dar es Salaam, na jina lake nabaki nalo. Tulianza foleni saa kumi na mbili na nusu. Mama mdogo ana sukari na presha, ana miaka 67, na kadi yake ya matibabu ya wazee anaitunza ndani ya mfuko wa nailoni kama hati ya kiwanja.

Dodoma kipindi cha maswali kikaanza. Mbunge mmoja wa mkoani akasimama na lile swali letu la kila mwaka: je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani? Naibu waziri akapanda kwenye kipaza sauti. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri..." Kabla hajafika kwenye "kama ifuatavyo", mzee aliyekaa kulia kwangu, kofia ya mkono kichwani na bakora katikati ya magoti, akamtangulia: "Serikali inatambua umuhimu."

Na kweli, Serikali ilitambua umuhimu. Korido nzima ikacheka, hadi muuguzi aliyekuwa anapita na faili akasimama kuuliza kuna nini.

"Sasa anakuja kusema kadri ya upatikanaji wa fedha," mzee akaendelea, bila kuitazama runinga. Akapata tena. Nikamuuliza, mzee wangu, umejuaje? Akaniambia amefanya ukarani serikalini miaka 31, majibu ya namna hiyo amewahi kuyachapa kwa taipureta.

Nimekaa na kicheko kile siku kadhaa. Mtu akikutabiria jibu neno kwa neno kabla halijatamkwa, maana yake lile si jibu tena, ni dua ya kufungulia kikao. Kiswahili chetu kina "-ta-" kwa yatakayokuja na "-me-" kwa yaliyokwisha. Bungeni wameongeza wakati wa tatu, "inaendelea ku-". Serikali inaendelea kutafuta, inaendelea kuboresha, inaendelea kuona namna. Ukiwa ndani ya wakati huo hujaahidi na hujakataa, na mtu hawezi kurudi mwakani kukuambia umeshindwa. Swali limeanza na "ni lini". Jibu limekuwa na shukrani kwa Mheshimiwa Rais, pongezi kwa mbunge kwa kufuatilia mambo ya jimbo lake, fedha zilizokwisha kutumika katika halmashauri nzima, na mwaliko wa kuongozana na naibu waziri kwenda jimboni baada ya Bunge. Kila kitu isipokuwa tarehe.

Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Leo Bunge lipo hadi kwenye simu, nalitazama nikiwa kwenye daladala, na siku nyingine najiuliza nilikuwa napigania kitu gani.

Lakini tusimwonee waziri peke yake. Mara nyingi anajibu kile alichoulizwa, na anaulizwa majengo. Mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ule tuliouita MMAM, ulianza mwaka 2007 na lengo lake lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tangu hapo "ni lini" imekuwa kama mali ya urithi, mbunge anamwachia mbunge. Na majengo yamejengwa, tusiseme uongo. Tozo ya miamala ya simu ilipokuja Julai 2021 na watu wakaipigia kelele, vituo vya afya na madarasa ndivyo tulivyoonyeshwa kwamba hela zimekwenda huko. Jengo lina faida zake kisiasa: linapakwa rangi, linapigwa picha, linakatiwa utepe. Sijaona aliyekata utepe wa kopo la vidonge.

Anayekaa kwenye benchi kama letu hajaja kuangalia jengo. Amekuja kufuata vidonge.

Kuna na hili ambalo wengi wa pale koridoni hawalijui, na sioni kwa nini wangelijua. Zahanati ya mtaani kwenu, kituo cha afya na hospitali ya wilaya vinasimamiwa na halmashauri, maana yake vipo chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa kwenda juu, kwa hapa kwetu Amana, Temeke na Mwananyamala, halafu Muhimbili yenyewe, mwenye mamlaka ni Wizara ya Afya. Bohari ya Dawa nayo, MSD, ipo Wizara ya Afya. Kwa hiyo jengo la zahanati yenu ni la huyu na dawa za kwenye kabati lake zinatoka kwa yule. Mgonjwa akiandikiwa rufaa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya mkoa anavuka mpaka wa wizara mbili bila kugongewa muhuri wowote. Mbunge akikosea wa kumuuliza anaweza kujibiwa kwa adabu sana na mtu ambaye funguo za kabati hilo hana.

Na kabati lenyewe hujazwa hivi. Kituo kinaagiza dawa MSD kwa vipindi, si kila siku. Kama MSD haina dawa hiyo, kituo kinapewa taarifa kwamba haipo, na hapo ndipo kinaruhusiwa kwenda kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa. Utaratibu wa mshitiri ulianzia Dodoma mwaka 2014 ukaja kusambazwa nchi nzima, na kwa maoni yangu ni katika mambo ya maana yaliyofanyika kwenye sekta hii. Lakini ukihesabu hatua zake utaona mapengo. Oda imechelewa kuandikwa wiki moja, taarifa ya kukosekana imechelewa wiki nyingine, hela ya kituo haitoshi kumlipa mshitiri kwa sababu nusu ya wagonjwa ni wa msamaha, na gari halijafika. Kila aliyehusika amechelewa kidogo tu. Mgonjwa anakaa mwezi.

Msamaha huo si hisani ya mganga mkuu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Mama mdogo yumo. Kumwona daktari ni bure na kupimwa ni bure. Kwenye dawa anaambiwa, "Bibi, hii kanunue nje." Ng'ambo ya barabara kuna maduka ya dawa manne yamejipanga kama vibanda vya chipsi, na yote yanayo.

Ukimuuliza waziri habari ya dawa atakupa asilimia. Upatikanaji umepanda, ulikuwa huku, sasa upo kule. Siamini kwamba ni namba za kupika. Ila zinapimwa kwa orodha maalumu ya dawa muhimu, zinajumlishwa vituo vyote, kisha unatolewa wastani. Kituo kinaweza kuwa na asilimia nzuri sana kikakosa vidonge viwili, na hivyo viwili ndivyo vya mama yangu mdogo. Asilimia haimezwi na maji.

Ipo namba moja ambayo waziri yeyote wa afya wa nchi hii anaweza kuisoma akiwa ametutazama usoni. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha wanawake 556 wanakufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Wapo wanaobishana kuhusu vipimo, waachwe wabishane, lakini mtu yeyote mwenye dada aliyejifungua miaka ile na mwingine aliyejifungua juzi anaona tofauti. Vituo vya afya vikaanza kufanya upasuaji. Ukaja mfumo wa m-mama, unapiga 115 gari linatafutwa, hata kama ni la dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Na kubwa kuliko yote kwangu mimi, kila kifo cha mama kinatakiwa kuripotiwa na kujadiliwa. Mezani panakuwa na saa aliyofika, saa aliyoonwa, saa ambayo damu iliitwa na saa ambayo damu ilifika. Mganga mfawidhi hawezi kusimama mbele ya kikao kile akasema tunaendelea kuboresha.

Kwa nini kabati la dawa lisijadiliwe hivyohivyo? Oda zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, stoo ina leja, tarehe dawa ilipoisha na tarehe iliporudi zimeandikwa mahali fulani. Mbunge wangu akitaka nimpigie kura bila kunipa fulana, aache kuuliza ni lini kitajengwa. Aulize: katika mwaka wa fedha uliopita, hospitali za mkoa wa Dar es Salaam zilikosa dawa ya sukari na dawa ya presha kwa siku ngapi, moja moja, kwa majina? Kwenye swali la nyongeza, maana kanuni zinampa mawili, aulize siku hizo wagonjwa walielekezwa wapi na nani alilipa. Swali kama hilo halijibiki kwa kutambua umuhimu. Ama waziri atasoma namba, ama atakiri hazijakusanywa, na mimi nitaridhika na lolote kati ya hayo mawili.

Mkoa huu una watu zaidi ya milioni tano, sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, baada ya muswada kuzunguka tangu 2022. Bima naitaka sana. Lakini kadi ya bima mbele ya dirisha lisilo na dawa haitofautiani na ile ya mama mdogo ndani ya nailoni.

Nirudi koridoni. Saa tano kasoro jina lake likaitwa. Dada wa dirishani, kijana mdogo mwenye ushungi wa bluu, alisoma cheti, akageuka, akafungua droo mbili, akarudi.

"Shikamoo bibi. Ya sukari imeisha tangu Alhamisi. Ya presha nakupa ya siku kumi, ndiyo iliyobaki."

"Marahaba mwanangu. Sasa hiyo nyingine?"

Nyuma yetu runinga ilikuwa bado inaunguruma. Swali namba ngapi sijui, Serikali inaendelea kufanya tathmini. Yule dada akachukua simu ya mezani, akaongea na mtu wa stoo, akaitikia "eeh, eeh", akakata. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya cheti: Jumanne, saa nne.

"Njoo Jumanne, bibi. Usipange foleni, njoo moja kwa moja kwangu."

Nilikitazama kile cheti muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee wa bakora akanyoosha shingo naye asome. "Huyu," akasema, "Dodoma hawamtaki."

Dozi ya siku nne tulinunua ng'ambo, shilingi elfu tatu, mama mdogo akabishana na muuza duka mpaka akarudishiwa mia tano. Jumanne tulirudi. Ya sukari ilikuwepo, boksi halijafunguliwa. Ya presha hapakuwepo hata kidonge, na dada akageuza cheti akatafuta nafasi iliyobaki: Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne.