Mabibo yanaoza, vichupa vinanunuliwa

Minada ya korosho ikianza Mtwara na Lindi, na hela zikishaingia, wauza virutubisho nao hawachelewi. Utawakuta stendi, mlangoni kwako, kwenye makundi ya WhatsApp: vidonge vya vitamini C, vya "kusafisha damu", vya "kinga". Anayekataa huitwa bahili, au mshamba. Mimi naona huyo ndiye ambaye hajasikilizwa.

Hoja ya wanaonunua si ya kipuuzi. Mtu anaweza kushiba ugali wa muhogo mwaka mzima, akalima na kubeba gunia, kumbe mwilini ana upungufu asioujua. Na wapo wanaohitaji vidonge bila ubishi: mjamzito na vidonge vyake vya kuongeza damu vyenye madini chuma na asidi ya foliki, mtoto wa miezi 6 hadi 59 na matone yake ya vitamini A, asiyegusa kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa sababu ya vitamini B12. Lakini mjamzito na mtoto hupewa kliniki, si stendi.

Tunayemzungumzia ni mtu mzima asiyeumwa, anayepata samaki na mboga, anayemeza "ili tu". Huyo namkumbusha Finland. Wanaume 29,133 wavuta sigara, wa miaka 50 hadi 69, waliingizwa kwenye utafiti, na baadhi yao wakapewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ilitarajiwa iwakinge na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza walikuwa wameugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Mwaka 1996 Marekani wakasitisha utafiti wao kabla ya muda: waliomeza beta-karotini pamoja na vitamini A waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi. Utasema hao walikuwa wavutaji. Sawa, lakini nani hupenda kinga ya kichupa kuliko mvutaji asiyetaka kuacha?

Tusiwaonee wauzaji. Madaktari wanaume 14,641 wa Marekani walifuatiliwa zaidi ya miaka 10, nusu wakimeza multivitamini, yaani kidonge kimoja chenye vitamini nyingi. Kwa waliomeza, saratani zilipungua kwa asilimia 8. Kwa moyo na kiharusi, hakuna tofauti. Si sifuri, ila muuzaji wa stendi anaahidi makubwa kuliko hayo.

Kinachoniuma zaidi kiko chini ya mikorosho yetu. Bibo, lile tunda linaloshika korosho, gramu kwa gramu lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa. Tunanyofoa korosho, bibo tunaliacha mchangani linaoza, au linaishia kuwa uraka, pombe ya mabibo. (Kochoko, yaani bibo lililokaushwa, naipenda sana, lakini bibo likianikwa juani vitamini C nyingi inakwenda.) Kisha hela ya korosho ileile tunainunulia vitamini C ya kichupani, ambayo ikizidi mwili unaitoa kwa mkojo.

Msimu wa mabibo ni mfupi, najua. Kisamvu je? Majani yale yana beta-karotini ileile ya Finland, ila ikiwa ndani ya chakula haijaonekana kuleta madhara yale. Inachodai ni mafuta kidogo ili mwili uipokee, na anayetwanga kisamvu akakiunga kwa nazi au karanga ameshayatia bila kuambiwa na mtu.