Ushauri Nasaha Bila Kushauriana

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kwa mshauri nasaha, baada ya wiki nyingi za kukosa usingizi na kutokwenda kazini. Aliniomba niketi naye, nami katika dakika 45 nikamsikia akisema mara nne tu, mbili kati ya hizo akiitikia "ndiyo". Aliyezungumza ni mshauri: kijana aamke mapema, apunguze simu, amrudie Mungu na, maadamu ametimiza miaka 31, afikirie kuoa. Yote aliyaandika kwenye karatasi, akapigia mstari neno "kuoa", kisha akatuelekeza dirisha la malipo. Shangazi yetu angetupa hayo hayo bure, tena na chai.

Sina ugomvi na kuamka mapema. Kilichoniudhi ni kwamba mwenye shida hakuulizwa anataka nini, ilhali Kiswahili kilikwisha kutufundisha kwamba penye kushauri pana pia kushauriana. Tumelichukua jina la kazi, tukaitupa ile "-ana" yake, kana kwamba anayeumwa rohoni hana analolijua kuhusu roho yake. Wala kushauriana si ulegevu wa kitaaluma, kwani mwaka 1979 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Bordin alikwisha kueleza kwamba tiba ya mazungumzo husimama juu ya maafikiano kuhusu lengo, maafikiano kuhusu kazi ya kufanywa, na uhusiano wa kuaminiana baina ya mshauri na mwenye shida.

Anayeona haya ni mambo ya Wazungu atazame Harare, Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, katika mpango unaojulikana kama Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki. Bibi huketi na mgeni wake kwenye benchi nje ya zahanati, akamwacha ayataje matatizo yake yote, achague moja, kisha wakapanga pamoja hatua ndogo ya kujaribu. Mwanzo huo Washona huuita "kuvhura pfungwa", yaani kufungua fikra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Fikiria basi: bibi, ambaye kwetu mawaidha ni haki yake ya kuzaliwa, anaweza kuuzuia ulimi wake, na mwenye cheti ukutani anashindwa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wako wanaotaka kuambiwa la kufanya, na kwamba mtu aliye karibu kujitoa uhai hahitaji majadiliano marefu bali mkono wa kumshika mara moja. Mdogo wangu hakuwa katika hali hiyo.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa mshauri mwingine, mama mtu mzima aliyesogeza kiti chake kutoka nyuma ya meza na kumuuliza: "Tukikutana mara sita, ungependa nini kiwe kimepungua?" Mdogo wangu alinyamaza kitambo kirefu, feni tu ikisikika, kisha akajibu kwamba angependa kufika kwenye geti la ofisi yao bila kutapika.

Ninaishi naye nyumba moja, na habari ya geti sikuwahi kuisikia.