Kumpa kura usiyekubaliana naye

"Mambo yake mengi siyakubali, ila kura yangu ni yake." Kauli hii husikika kila penye uchaguzi, na anayeitoa hujikuta akijitetea papo hapo. Wachambuzi wana maelezo yao tayari: huyo kadanganywa, kafuata mkumbo, au kapenda sauti na sura akasahau kusoma ilani. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi, na kila mara naona yanamdharau mtu ambaye pengine kafikiri kuliko wanaomcheka.

Tuanze na hesabu ndogo. Kuna wapiga kura watano, vyama viwili tuviite Jua na Mwezi, na hoja tatu: kodi, elimu na afya. Wawili kati ya watano wako na Jua kwa kila hoja. Watatu waliobaki, kila mmoja yuko na Jua kwa hoja moja tu (wa kwanza kodi, wa pili elimu, wa tatu afya) na kwa zile mbili nyingine yuko na Mwezi. Kila mtu akichagua chama anachokubaliana nacho zaidi, Mwezi kinashinda kwa kura 3 dhidi ya 2. Sasa waulize hoja moja moja. Kodi: watatu wako na Jua. Elimu: watatu. Afya: watatu vilevile. Mshindi kashindwa katika kila hoja, na hakuna aliyeiba kura wala aliyedanganywa. Wanataaluma wa siasa wanauita mkanganyiko wa Ostrogorski, kwa jina la Moisei Ostrogorski, Mrusi aliyechambua namna vyama vinavyoendeshwa, zaidi ya karne moja iliyopita.

Karatasi ya kura inauliza swali moja. Mtu anakuja kituoni na majibu kumi, anaruhusiwa alama moja.

Mara chache hutokea karatasi ikauliza mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mambo hufunuka. Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, walichagua rais, na siku hiyohiyo wakaulizwa kama kima cha chini cha mshahara kipandishwe hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Rais Trump alilichukua jimbo kwa asilimia 51.2. Pendekezo la mshahara, ambalo kwa sheria ya jimbo lilihitaji kufika asilimia 60, likapita kwa 60.8. Gavana wa jimbo, wa chama cha Trump, alikuwa amelipinga. Aliyekuwa akiitetea dola 15 kwa nchi nzima ni mpinzani wake Joe Biden, naye alishindwa hapo.

Takwimu hii imenikaa kichwani kwa miaka, na nimeipigia hesabu zaidi ya mara moja. Kura za ndiyo zilikuwa kama milioni 6.39. Biden alipata kama milioni 5.3. Tuseme kila aliyemchagua Biden alisema ndiyo, asibaki hata mmoja, jambo ambalo halitokei duniani. Bado kuna kura milioni moja na kitu za kutafutiwa wenyewe. Wagombea wadogo wote kwa pamoja walipata kama laki moja. Zinazosalia, karibu milioni moja, kwa sehemu kubwa haziwezi kutoka kwingine ila kwa watu wa Trump, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Tofauti kati yake na Biden haikufika laki nne. Kwa hiyo kundi lililompa Trump kura huku likiichagua sera ya mpinzani wake lilikuwa zaidi ya mara mbili ya pengo lililomshindisha.

Mtu atasema hapakuwa na mgongano wowote: Trump kwenye mdahalo alidai suala la mshahara waachiwe majimbo, na hao ndio jimbo lenyewe. Ni kweli, nakubali. Lakini jibu hilo ndilo linalonipa nguvu. Linamaanisha mpiga kura alitenganisha la mtu na la sera kwa ustadi, kila moja akaliweka palipo na nafasi yake. Missouri, 2024, ikawa hivyohivyo: Trump akashinda kwa zaidi ya asilimia 58, na kwenye karatasi hiyohiyo wakapitisha nyongeza ya mshahara na haki ya utoaji mimba. Huwezi kuwaita watu hao mbumbumbu wa sera. Sera waliijibu walipoulizwa.

Basi kwa nini wampe kura? Sababu moja haina mvuto wa kuandikwa magazetini: kiongozi huchaguliwa kwa yasiyojulikana pia. Desemba 12, 2019, Waingereza walikipa chama cha waziri mkuu Boris Johnson ushindi wa viti 80 zaidi ya wengine wote, na kampeni nzima ilikuwa habari ya kutoka Umoja wa Ulaya. Machi 23 ya mwaka uliofuata Johnson alikuwa kwenye televisheni akiwaambia wabaki majumbani kwa sababu ya korona. Ilani haikuwa na mstari hata mmoja juu ya hilo, ya chama chake wala ya wapinzani. Anayepima tabia ya mtu, kama anasikia ushauri, kama akikosea anageuka, hapotezi muda. Anapima sehemu ya kazi ambayo ilani haiwezi kuigusa. (Kwamba wengi hupima vibaya ni kweli, ila hilo ni kosa jingine.)

Sababu ya pili ni mpinzani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mpinzani asiyejulikana anaweza kula akamaliza. Wakosoaji huleta mfano wa uchaguzi wa Uingereza wa 1945 kunionesha kwamba watu wakitaka wanaweza kutanguliza sera. Winston Churchill, waziri mkuu na shujaa wa vita, alikuwa akisifiwa na Waingereza zaidi ya wanane katika kila kumi mwezi Mei. Julai matokeo yakatoka, chama pinzani cha Labour viti 393, Churchill nje. Nyumba, kazi na matibabu vilishinda mapenzi. Mfano mzuri. Lakini tazama alikuwa nani aliyesimama upande wa pili. Clement Attlee, kiongozi wa Labour, hakuwa mgeni: alikaa kwenye serikali ya vita tangu 1940, na kuanzia 1942 alikuwa naibu waziri mkuu wa huyohuyo Churchill. Watu walikwisha kumwona kazini. Mashaka juu ya sera yanahama na kura pale tu yanapopata pa kuhamia, na wapinzani wengi hawajajenga pa kuhamia. Wao hungoja mashaka yafanye kazi peke yake, kisha wakishindwa wanamlaumu mpiga kura.

Upande wa pili una hoja ambazo siwezi kuzipita. Mtafiti Gabriel Lenz alifuatilia watu waliohojiwa zaidi ya mara moja katika kipindi cha uchaguzi, akakuta kwamba mtu akishajua msimamo wa mgombea wake, mara nyingi anachobadilisha ni maoni yake mwenyewe. Mgombea anabaki. Kwa maana hiyo mashaka yana muda wake wa kuishi: leo unasema sera yake siikubali, baada ya mwaka unaitetea barazani. Lenz huyohuyo alikuta watu huhamisha kura wanapopima utendaji, kwa mfano hali ya uchumi, kwa hiyo picha si nyeusi yote. Ila inatisha kidogo.

Na kuna kosa kubwa zaidi, ambalo kwangu ni la kiongozi kuliko la mpiga kura. Akishatangazwa mshindi, husimama akasema wananchi wamemkabidhi ridhaa kwa yote aliyoandika. Alama moja iligeuka lini kuwa sahihi kwenye kurasa zote za ilani? Mpiga kura aliyekuja na majibu kumi anasomewa jibu moja mara kumi.

Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, alijaribu kufunga pamoja mtu na sera kwa makusudi. Aprili 27, 1969, Wafaransa waliulizwa kwa kura juu ya mageuzi ya mikoa na ya Seneti, naye akawaambia wakikataa ataondoka. Kidogo zaidi ya asilimia 52 walikataa, na kesho yake alikuwa ameondoka. Ungedhani walimchoka yeye na kambi yake yote. Wiki saba baadaye wakamchagua Georges Pompidou, aliyekuwa waziri mkuu wake kwa miaka sita, kwa asilimia 58.