Nilikwenda Osaka Kula, Nikaonyeshwa Chemba

Darasani kwetu Kobe tulikuwa Hamisi wawili. Mimi ni mhasibu wa bandarini, Tanga. Mwenzangu ni injinia wa majitaka, Mwanza. Kozi yenyewe ilikuwa ya miundombinu, kwa hiyo watu wa bandari, wa maji na wa barabara tumechanganywa humo humo, na mwalimu akiita "Hamisi-san", yaani Bwana Hamisi, tunaitika wote wawili, darasa linacheka, somo linaendelea. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni bomu linasubiri siku yake.

Kozi ilipokaribia kwisha wakatuletea fomu za matembezi. Kule Japani kuna vikundi vya wazee waliostaafu ambao huwatembeza wageni kwa miguu bila malipo. Wewe unagharamia nauli ya mwenyeji wako, chakula chake na viingilio, basi. Kabla ya siku unaandika unachokipenda, naye anakupangia safari yako, si ya kundi. Mimi kwenye fomu nilimimina moyo wote: ngome ya Osaka, mitaa ya vyakula ya Dotonbori, takoyaki, vile vidonge vya unga vyenye pweza ndani, mpaka nishindwe kupumua, halafu duka la visu, maana mama Rehema alishaniambia nisipomletea kisu cha samaki cha Kijapani nitafute pa kufikia. Injinia yeye aliandika mstari mmoja tu. Sikuuona.

Jumapili asubuhi nikapanda treni, kama nusu saa hivi, nikabadilisha mpaka kituo cha Tanimachi 4-chome. Nje nikamkuta mzee wa makamo ya baba yangu, kofia ya jua, kizibao chenye mifuko kila upande, ameshika kibao: HAMISI-SAN, TANZANIA. Akainama, nikainama. Akainama tena. Akafungua faili lake, karatasi zote zimewekwa kwenye plastiki, na ukurasa wa kwanza ukawa na picha kubwa ya mfuniko wa chuma.

"Enjinia-san," akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu, "nimeandaa kwa wiki tatu."

Sasa wewe mwenzangu, mzee wa watu kaandaa kwa wiki tatu, unamwambiaje? Nikajisemea labda ni utangulizi tu, ngome inakuja.

Na kweli ngome ilikuja. Tulitokea mahali paa lake la kijani lenye nakshi za dhahabu linaonekana vizuri juu ya miti. Nikatoa simu. Mzee akanishika mkono taratibu, akanigeuza, akanionyesha chini. Miguuni kwangu kulikuwa na mfuniko wa chemba, na juu yake imechorwa ngome ileile pamoja na maua ya sakura.

Mara nikamwona anapiga goti. Akatoa mswaki kwenye mfuko mmoja, kichupa cha maji kwenye mwingine, akaanza kuusugua ule mfuniko katikati ya njia ya watu. Alisugua ua moja moja, akaingiza ncha ya mswaki kwenye vidirisha vya ngome, akatoa kijani cha kuvu na kipande cha bigijii, akapangusa kwa kitambaa, kisha akanihimiza nipige picha haraka kabla maji hayajakauka, kwa sababu chuma kikiwa kimelowa kinatoka vizuri zaidi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzuia baiskeli. Baiskeli za Osaka zinapita humo humo wanamopita watu, mama kampakia mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma, na breki anaiona kama pambo.

Akapita bibi mmoja mwenye blauzi ya chuichui. Kumwona mzee yuko chini, na mimi nimesimama juu yake nimetanua mikono, akaanza kunifokea. Sikuelewa neno ila nilielewa kila kitu. Mzee akamjibu kutoka kulekule chini, akininyooshea mswaki, nikasikia "enjinia" na "Tanzania". Bibi akanipima kuanzia viatu hadi kichwani, akafungua mkoba, akanipa pipi mbili na kwenda zake. Nilikuja kuambiwa kwamba akina bibi wa Osaka hawatoki nyumbani bila pipi mkobani.

Hapo simu ikalia. Ni Injinia. Kanitumia picha ya takoyaki zinafuka moshi na ujumbe: "Kaka, huyu mama ananilisha tu. Chemba tunaenda saa ngapi?"

Nikaelewa kila kitu.

Ningesema. Nilifungua mdomo kabisa niseme. Lakini mzee alikuwa ameshanigeukia na kalamu na daftari, anataka kujua mambo ya kwetu. Akauliza majitaka ya mji wetu yanakwenda wapi. Nikamjibu, "Mbali." Akaandika. Akauliza kipenyo cha mabomba makubwa. Nikamwonyesha kwa mikono. Akatoa tepu akapima nafasi kati ya viganja vyangu, akaandika. Akauliza mteremko. Nikasema ni wa wastani. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kusema kweli mimi ninachokijua kuhusu majitaka ni namba ya simu ya jamaa wa gari la kunyonya, ambaye nampigia shimo likijaa, na siku hiyo hapokei.

Akauliza mifuniko ya kwetu ina michoro ya aina gani. Hapo nilikuwa na la kusema. Nikamweleza kwamba kwetu mfuniko wa chuma ukiwekwa Jumatatu, Jumanne uko kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mzee akashtuka kweli. Mmoja una uzito wa kama kilo 40, akasema, wanaubebaje? Nikamwambia umaskini una misuli.

Kilichoniponza zaidi ni nembo. Kwenye mfuniko mwingine nikaona alama kama mti uliosimama na mbao zimepishana. Nikasema bila kufikiri, "Hii si alama ya kuonyesha meli mkondo wenye kina?" Mzee akasimama wima. Ndiyo yenyewe, miotsukushi, nguzo walizokuwa wakizichomeka zamani kwenye maji ya Osaka ili vyombo visikwame kwenye mchanga, na jiji likaifanya nembo yake mwaka 1894. Mimi nimeijua kwa sababu natoka bandarini. Yeye akadhani nimejiandaa. Akanisimulia kwa furaha kwamba mwaka huohuo 1894 ndipo jiji lilipoanza kujenga mfumo wa kisasa wa majitaka, baada ya kipindupindu kuwasumbua mno. Kuanzia hapo hata maboya ya kukiri niliyokuwa nimebakiza yakazama.

Tulikula udon, tambi nene kwenye mchuzi, dakika kumi, maana ratiba ilikuwa imebana. Simu ikaleta picha ya kaa mkubwa wa bandia anachezesha miguu juu ya mgahawa. Ikaleta Injinia kainua mikono chini ya lile bango kubwa la mkimbiaji kule Dotonbori, uso umenuna. Halafu ikaleta kisu. Kisu chenyewe! Kirefu, kinang'aa, kwenye kiboksi cha mbao, kutoka mtaa wa Doguyasuji wanakouza vyombo vya jikoni. "Mama kanilazimisha. Eti niliandika kwenye fomu."

Mzee akanipeleka pia mahali wanapogawa kadi za mifuniko. Usicheke. Zilianza mwaka 2016, miji mingi ina zake, upande mmoja picha ya mfuniko, upande wa pili maelezo. Ni bure, lakini moja kwa mtu mmoja, na lazima ufike mwenyewe. Hawatumi kwa posta. Mbele yangu kulikuwa na kijana aliyetoka mji mwingine kwa ajili ya kadi hiyo tu, kaivisha plastiki kabla hajaondoka dirishani. Nami nikapewa yangu, nikaitia kwenye pochi pamoja na risiti za udon.

Kisha ikaja ile aliyoiita kilele. Pembeni mwa shule ya msingi ya Minami Oe kuna kidirisha cha kuchungulia chini ya ardhi. Unaweka uso kwenye kioo, unaona mtaro umejengwa kwa mawe pande zote, na maji yanapita. Hiyo ndiyo mitaro iliyoanzia zama za Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani aliyeanza kujenga ngome mwaka 1583. Nyumba zilijengwa zikipeana mgongo na mtaro ukapita katikati ya migongo, na mpaka leo baadhi ya mitaro hiyo inafanya kazi.

"Wageni wote wanakimbilia kule juu ngomeni," mzee akasema. "Lile ghorofa ni zege la mwaka 1931, lina lifti. Kuta za mawe walijenga akina Tokugawa, watawala waliokuja baadaye. Ukimtaka Hideyoshi, yuko hapa."

Nikachungulia. Nakiri, palinigusa kidogo. Halafu nikanyanyua uso, nikakuta wazee wengine wanne wamejipanga mstari, wamevaa koti na tai Jumapili, wananiinamia. Ni wastaafu wa idara ya majitaka. Mzee wangu alikuwa amewaalika waje kumpokea mtaalamu kutoka Afrika.

Tukaingia mgahawa wa kahawa. Na Mjapani ukikutana naye rasmi, jambo la kwanza ni kadi za kazi. Wananipa kwa mikono miwili, nami nawapa yangu kwa mikono miwili, halafu hawaitii mfukoni kama sisi. Wanaisoma. Wanaisoma neno kwa neno. Nikawa namtazama wa kwanza macho yanavyotembea: jina, sawa, Tanga, sawa, MHASIBU, na chini yake Kiingereza kinathibitisha.

Pakawa kimya. Kadi ikapita mkono hadi mkono. Mzee wangu akafungua faili, akachomoa fomu, akasoma jina, akasoma kadi, akasoma jina. "Hamisi-san," akasema polepole, "mko wangapi?"

"Wawili," nikamjibu.

Akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Nikamwinua. Akainama tena. Mimi naomba radhi, yeye anaomba radhi, kahawa inapoa, mpaka mzee mmoja wa pembeni, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu kuingia, akaanza kucheka hadi miwani ikamtoka. Kumbe naye maisha yake yote idarani alikuwa mhasibu. Katika miaka yote ile, akasema, hakuna mgeni hata mmoja aliyeletwa kumwona yeye. Wote waliletewa mabomba. Akasogeza kiti. Wao hutoza majitaka kwa kipimo cha maji unayotumia, ankara moja. Na sisi je? Nikamwambia kwetu nako aliyeunganishwa anakatwa kwenye ankara ya maji. Na wasiolipa? Nikavua koti. Kama kuna jambo ninalolijua duniani ni wadaiwa sugu. Tuliongea mpaka taa za barabarani zikawaka, wale mainjinia wamesinzia.

Bwenini nilimkuta Injinia amekaa kitandani, ulimi umeungua na takoyaki, hajaongea na mtu. Mstari wake mmoja wa fomu ulikuwa: mitaro ya Hideyoshi, tafadhali. Aliisoma chuoni, na kesho yake tunasafiri. Nikamwonyesha ile kadi. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Nataka kisu," nikasema.

"Nimechongesha jina."

"Jina gani?"

Tukatazamana. Kwenye bapa la kisu mafundi walikuwa wamechonga kwa Kijapani: Hamisi.

Akakitoa bila ubishi, akaongeza na chokoleti zote, akaisogeza kadi kwenye taa. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Kisha akaniuliza mtaro wenyewe una kina gani, mawe ni ya aina gani, mteremko wake je?

Nikamwambia wa wastani.

Hakunisemesha tena mpaka Dubai.